Video Niliyomchukua Mama Bazubagira

Alinitemea dawa usoni!

Wala haikuwa bahati mbaya. Aliningoja niiname karibu, kijiko kikaingia mdomoni, kisha akakusanya nguvu zote zilizobaki katika mwili ule mdogo... Pwaa! Ikanipata jichoni, ikashuka shavuni, ikadondokea kikwembe changu, kitenge nilichojifunga.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, dawa ile tuliitafuta mpaka tukakonda. Ndiyo peke yake iliyokuwa inampa usingizi.

"Mama Bazubagira, juu ya nini sasa?"

 Macho yake yalikuwa kwenye simu ya Merveille, binti wa korali aliyekuja na wenzake kutuombea. Merveille alikuwa bado anatabasamu, maskini. Hajaelewa kitu.

"Mi nilimuonyesha tu," akasema. "Nilimuambia, Mama, sasa we unajulikana mpaka Kinshasa, mpaka Canada..."

Kwenye ile simu Mama Bazubagira alikuwa analia. Kifua wazi. Kidonda wazi. Na juu yake herufi kubwa nyekundu: NISAIDIENI!

Herufi zile niliziandika mimi.

Naitwa Arlette. Nauza ndakala, dagaa wa ziwani, katika soko la Baraka, na wengi hapa mnanijua kwa jina lile mlilonipa, Mama Huruma. Leo nawaomba mlichukue tena. Someni mpaka mwisho mtaelewa.

Tuna nyumba moja upande wa ziwa. Vyumba viwili na baraza. Mgonjwa ambaye hospitali imeshamwambia "rudi tu nyumbani", na nyumba ya kurudi hana, au anayo lakini hakuna wa kumgeuza kitandani, ndiye tunampokea. Hatuponyi mtu. Tunaogesha, tunapika uji, tunashika mkono. Eugène, infirmier, yaani muuguzi, anapita kuosha vidonda na kupima dawa ya maumivu.

Mkubwa wetu ni Mama Marthe, mjane. Nyumba ni yake, aliachiwa na mume wake. Mama Marthe akisema kaa, unakaa.

Na yote yanatoka kwa watu. Bamama wa soko wanachanga. Wakatoliki wanapitisha kikapu, Waprotestanti wanapitisha chao. Wavuvi ziwa likiwapa vizuri, wanatuwekea beseni la samaki tukauze.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka vita vikaharibu barabara ya Uvira. Bidhaa hazishuki. Mitumbwi ya Ubwari inakuja nusu tupu. Soko likalala. Mtu ambaye mtoto wake hajala, utamwambia achangie nini?

Kikapu kikawa kinarudi chepesi. Dawa ikafika chini ya chupa.

Wakati ule ndipo Mama Bazubagira alikuwa kwetu.

Alitoka milimani. Mnajua mambo yetu, watu wa huku ziwani na watu wa kule juu tumeumizana sana, sitaki kufungua hiyo. Walishuka wengi wakikimbia, wenzake wakaendelea mbele, yeye akabaki hospitali na saratani ya titi. Hospitali ikasema imeshindwa. Mama Marthe akaenda mwenyewe kumchukua. Majirani wakanuna. Mama Marthe akawaambia, "Kidonda hakina kabila," akapita.

Alikuwa mama wa heshima yule! Akisikia mguu wa mwanaume barazani, anafunga kitambaa kichwani kwanza, hata kama mkono unatetemeka. Jina langu alishindwa, akawa ananiita Aruleti. Kwa simu alikuwa anaongea na binti yake Gatesi, aliyekuwa anashona nguo Uvira. Anajikaza, sauti inakuwa ya mtu mzima wa afya.

"Ni kikohozi tu, mwanangu. Kinaisha."

Akikata simu, anauma shuka.

Basi siku moja asubuhi dawa ikakauka kabisa.

Sijawahi kuona maumivu kama yale. Aliacha kiswahili, akawa analia kwa lugha yake, anajipinda, anapapasa hewa. Nilikuwa peke yangu naye chumbani. Nilisali. Nikalia. Kisha nikachukua simu...

Nilijiambia, watu hawatoi kwa sababu hawaoni. Wakiona, watatoa.

Nilijiambia, nitamuuliza akitulia.

Nikachukua video.

Kabla ya kuituma nilimpelekea Mama Marthe jikoni. Akaangalia mpaka mwisho, ameshika mwiko. Akanirudishia simu.

"Tuma," akasema.

Nikatuma. Groupe ya soko kwenye WhatsApp, groupe za makanisa, Facebook.

Jamani!

Ilikimbia kama moto wa kiangazi. Watu wa Fizi, wa Bukavu, watoto wetu walioko Ulaya na Amerika. Wengine waliandika matusi, "huyo si wa kule juu? Akafie kwao", nikawa nafuta. Lakini waliotuma walikuwa wengi kuliko waliotukana. Dawa ikapatikana, ikaletwa kwa boti. Tukanunua magodoro. Sokoni nikawa napita watu wanasimama. "Mama Huruma huyo!" Pasta akanitaja kanisani.

Na Mama Bazubagira akalala usingizi. Nilimwangalia akilala, nikasema moyoni, nilifanya vizuri.

Sikumuuliza kamwe. Alipotulia sikumuuliza. Alipocheka sikumuuliza. Nilingoja, na kungoja kukawa kusahau, mpaka siku ile Merveille alipotoa simu yake kwa roho safi...

Turudi pale.

Nilijipangusa uso. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nisamehe. Nilitaka upate dawa."

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia nini, Mama?"

"Nilikuambia."

"Lini? Mi sikumbuki..."

Akageukia ukuta.

Nikadhani ni ugonjwa unachanganya maneno. Hakuniambia chochote, nina hakika! Nikatoka nimekasirika kidogo, niseme ukweli. Nimemtafutia dawa, ananitemea usoni?

Lakini tangu siku ile alikataa kijiko. Eugène akija, anafunga mdomo. Mama Marthe akija, anafunga mdomo. Maumivu yakarudi yote, na safari hii dawa ilikuwepo, imejaa, inatuangalia kutoka juu ya kabati.

"Mama, kunywa basi," Eugène akamwomba. "Dawa haina kosa."

"Ile dawa walimnunulia muntu wa kwenye simu," akasema. "Mumupatie yeye. Mi si yeye."

Nilikuwa nasikia meno yake yakisagana kutoka barazani. Nilishindwa kula. Video niliifuta kila mahali nilipoiweka, lakini unafuta nini? Ilikuwa kwenye simu za watu. Vijana wa kituo cha pikipiki walikuwa nayo. Mteja mmoja alikuja kununua ndakala akanionyesha, anadhani ananifurahisha.

Halafu Gatesi akafika.

Alitoka Uvira kwa pikipiki, akapita Mboko, akapita vizuizi vyote. Kwa mtu wa kwao, kupita njia ile peke yake ni kuibeba roho mkononi. Alishuka mlangoni kwetu na vumbi mpaka kwenye kope. Msichana mwembamba, macho ya mama yake yale yale.

"We ndiye Arlette?"

"Ndiye. Karibu, yaya, dada yangu..."

"Hapana kuniita yaya."

Akaingia. Nikasikia mama akitoa sauti. Nilichungulia. Mama Bazubagira alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, anajificha kwa mtoto wake mwenyewe! Gatesi anajaribu kuitoa ile mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja, wote wawili wanalia.

Nikarudi barazani. Nikakaa chini.

Baada ya muda akatoka, akasimama mbele yangu.

"Unajua lugha yetu?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akatoa simu. "Ile video, uliifuta?"

"Niliifuta, nakuapia..."

"Mi iko nayo. Nilitumiwa na kastama, nikiwa kwa cherehani. Sikiliza."

Akaiweka karibu na sikio langu. Sikutaka kuangalia, nikasikia tu. Sauti ya Mama Bazubagira, inakatika, inarudi: "Untwikire, mwana wanje... untwikire..."

"Hapa uliandika nini?" Gatesi akauliza.

"Nisaidieni."

"Ulidhani ndiyo anasema?"

"Nilidhani... ni maumivu tu. Nilidhani analia."

Gatesi akazima simu. Alipoongea sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

"Anasema: nifunike, mwanangu. Nifunike."

...

Sasa niwaambie kitu ambacho sikukisema pale juu.

Kikwembe chake hakikuwa mbali. Kilikuwa kimeanguka pembeni ya godoro, kando ya mguu wangu. Ile mikono iliyokuwa inapapasa hewa, ilikuwa inakitafuta. Mimi nilikisogeza na mguu. Kidogo tu. Ili kidonda kionekane vizuri.

Miezi yote hii hakuna aliyejua isipokuwa mimi na Mungu. Na yeye.

Nilirudi ndani natambaa. Nikafika kando ya kitanda.

"Mama, sikujua lugha. Sikujua!"

Akaniangalia. Mara ya kwanza tangu siku ile.

"Lugha hukusikia," akasema. "Najua. Lakini macho uliona, Aruleti."

 Ungekuwa na neno gani, wewe msomaji?

"Niambie nifanye nini, Mama. Chochote."

Akaongea anapumua juu juu.

"Wale wote waliona. Sitaweza kuwafumba macho. Lakini walisoma neno ambalo si langu. Nenda uwaambie neno langu."

Jioni ile nikamwambia Mama Marthe kwamba kesho naenda radio. Akaacha kupepeta mchele.

"Kufanya nini?"

"Kusema ukweli."

"We mutoto una akili kweli? Ukisema ivyo, nani atachanga tena? Watasema tunatumia wagonjwa. Na Papa Raphaël utamuambia nini?"

Papa Raphaël alikuwa chumba cha pili, mvuvi mzee wa Kazimia, ini limekwisha. Dawa ile ile ndiyo iliyokuwa inamtuliza.

"Mama Bazubagira anasaga meno, na dawa iko juu ya kabati," nikasema. "Mi siwezi."

"Omba radhi humu humu ndani. Yatosha!"

Sikuwahi kumwona Mama Marthe na hofu vile. Nikadhani anahofia nyumba.

Nikaenda.

Radio yetu ni chumba kidogo, mnaijua. Wakanipa muda kabla ya matangazo ya vifo. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema tu: mimi Arlette wa sokoni, ile video niliichukua bila ruhusa, na maneno niliyoandika si ya yule mama. Yule mama alikuwa anasema, nifunike. Mimi nilimfunua. Aliyechanga akiniona mwema, nimemdanganya.

Kisha nikasogeza maikrofoni, na mtangazaji akaweka wimbo.

Eugène ndiye alinisimulia yaliyotokea nyumbani. Walikuwa wamewasha radio karibu na kitanda. Mama Bazubagira alisikiliza amefumba macho, Gatesi anamshika mkono. Wimbo ulipoanza, akafungua macho.

"Eugène."

"Naam, Mama."

"Leta kile kijiko."

Nisingependa mfikiri tulikumbatiana, yakaisha. Hapana. Alikunywa dawa, akaniruhusu kumwogesha pamoja na Gatesi, akaendelea kuniita Aruleti. Lakini kila nilipoingia, mkono wake ulikuwa unashika kikwembe shingoni. Bila yeye kujua, nadhani. Mkono ulikuwa umejifunza wenyewe.

Na Mama Marthe hakukosea. Michango ikaanguka. Wa mbali wakaniandikia: mwizi, shetani, rudisha pesa. Sokoni kuna meza ambazo mpaka leo zinanigeuzia mgongo.

Siku moja Papa Raphaël akaniita. Alikuwa amesikia yote.

"Arlette! Nichukue mi video."

"Papa, hapana. Sirudii."

"Nani amekuambia urudie? Mi nakutuma! Lakini ngoja kwanza ninyolewe. Na uniletee kofia yangu."

Eugène akamnyoa. Tukamvalisha shati. Akakaa wima, tukamwekea mito mgongoni, akaniambia, anza. Akaongea kama yuko kwenye mtumbwi: "Mi ni Raphaël wa Kazimia. Nimekula samaki mikeke wengi kuliko ninyi wote, sasa ziwa linaniita. Sitaki mulie. Nataka dawa nisipige kelele, bamama hawa wapate kupumzika. Mwenye beseni, alete. Asiye na beseni, aje tu tucheze karata, Eugène anaiba!"

Kutoka chumba cha kwanza tukasikia sauti ngeni. Mama Bazubagira alikuwa anacheka! Anacheka ameshika ubavu, Gatesi anamwomba aache asijiumize.

Video ile haikuenda mbali, ndugu zangu. Mzee amenyolewa, anachekesha, nani ataisambaza? Watu wetu tunapenda kidonda. Lakini wavuvi waliiona, wakaanza tena kuweka beseni. Na wengine walikuja kweli kucheza karata.

Mama Bazubagira aliondoka mchana mmoja wa mvua ndogo, kichwa kwenye mapaja ya mtoto wake. Hakulia. Dawa ilikuwa imemtosha.

Siku ya mazishi kuna waliosimama mbali barabarani, hawakutaka kusogea. Wavuvi ndio walimbeba. Udongo ulipoanza kuanguka Gatesi akashindwa. Akapiga magoti, akawa anasema na mama yake kwa lugha yao, maneno mengi, haraka haraka, kama mtu anayefukuzana na boti.

Mama Marthe akaenda akapiga magoti kando yake. Akamshika mabega.

Akamjibu.

Kwa lugha ile ile. Pole pole, bila kukwama, mpaka Gatesi akageuka kumwangalia kwa mshangao.



Nilingoja watu watawanyike. Nikamfuata njiani.

"Mama Marthe... unajua lugha yao?"

Akaendelea kutembea.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu mutoto." Hakuniangalia. "Baba alikuwa anapandisha samaki kule juu, anashuka na siagi. Nilikuwa naenda naye. Vita ilipoanza nikaacha kuisema. Ni hatari kuijua."

"Basi ile siku... jikoni..."

Akasimama.

"Nilisikia," akasema. "Nilisikia kila neno. Na nikakuambia tuma."

"Na wakati wote ule nilipokuwa sijui aliniambia nini..."

"Nilijua."

"Mama!"

"Dawa ilikuwa imeisha, Arlette! Nilifanya hesabu ya moyo wangu: aibu, ama maumivu. Nikamchagulia. Sikumuuliza, na saa ile amesahau kiswahili, mi ndiye peke yangu humu nilikuwa na mdomo wa kumuuliza!" Akajifunika uso kwa kikwembe, mama yule mkubwa, katikati ya barabara. "We ulikuwa kiziwi. Mi nilikuwa na masikio."

Nitawaambia ukweli mbaya. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu. Nikasema, kumbe! Kumbe si mimi peke yangu! Nikataka kukimbia kumwambia Gatesi, kuwaambia sokoni, kurudi hata radio.

Kisha nikaangalia mguu wangu. Ule uliosogeza kikwembe. Haukuwa wa Mama Marthe.

Nikamshika mkono, tukarudi nyumbani. Kulikuwa na Papa Raphaël wa kugeuza.

Haya ninayoandika leo, Mama Marthe ameyasikia yote, nimemsomea kabla ya kuyaweka. Gatesi pia nimemsomea kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Weka. Lakini uandike jina lake vizuri."

Bazubagira. Mama Bazubagira.

Ndugu zangu, mtu anayekufa bado ni mtu. Ana haya, ana jina, ana mtoto anayemficha machozi. Shida yake haikupi ruhusa ya mwili wake. Ukitaka kumsaidia, muulize. Akiwa hawezi kujibu, mfunike kwanza, halafu ndipo utafute msaada. Na wewe unayechanga, usingoje uonyeshwe kidonda. Ukiambiwa kuna mtu anaumia, amini, toa.

Nyumba yetu ipo bado. Mara dawa inatosha, mara haitoshi, na siku isipotosha natamani kuichukua tena ile simu, sitawaficha.

Jambo la mwisho. Najua ile video iko bado kwa watu.

Ifute. Usiniandikie kwamba umeifuta, usinisifu, usiniweke emoji. Fungua tu simu yako, uitafute, uifute.